Natafuta mahali pa kumfikisha mama ziwani: hawezi ngazi, hawezi mchanga

Binti_Majanji

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za usiku. Naandika nikiwa jikoni, mama kalala, kwa hiyo mkiona nimerukaruka mnisamehe.

Mama yangu ana miaka 71. Amepika katika shule moja ya bweni kule Tororo miaka 26, kwa hiyo huenda humu ndani kuna aliyewahi kupakuliwa posho na maharage na mkono wake. Mwaka juzi alipata kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea, mkono zaidi kuliko mguu. Sasa anakaa kwangu Kajjansi. Kwa gongo lile la miguu minne anakwenda chooni na kurudi, na siku njema anafika getini. Zaidi ya hapo ni kiti cha magurudumu, na kiti tulichonacho tulipewa na mama mmoja wa kanisani aliyefiwa. Ni kile cha hospitali, chenye vigurudumu vidogo mbele kama vya toroli la sokoni.

Mama ni Msamia wa Majanji, kando ya Ziwa Victoria. Kazaliwa mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapotua, babu alikuwa mvuvi. Tangu aje kwangu tunapita barabara ya Entebbe kwenda kliniki, na kila tukipita pale ziwa linapojitokeza kati ya nyumba anageuza shingo mpaka lipotee. Mwezi wa Januari akaniambia, kwa ule ulimi wake mzito wa sasa, "Nimechoka kuliona ziwa kwenye kioo cha gari. Nataka nilifikie."

Basi Februari tukajaribu. Nilipiga simu bichi moja, sitaitaja, nikauliza kama mtu wa kiti anaweza kufika majini. Msichana akanijibu kwa furaha kabisa, "Hakuna shida nyabo, watu wote wanafika." Tukalipa kiingilio, tukashusha kiti, tukakuta ngazi 14. Nilizihesabu maana nilizitazama muda mrefu. Chini ya ngazi mchanga mtupu. Kabla sijasema neno, vijana wawili wa pale wakamshika mama makwapani wakamnyanyua kama gunia la mkaa. Hawakuwa na ubaya, walitaka kusaidia. Lakini gauni lilipanda, watu wakageuka, na ule mkono mbovu ukavutwa. Nikapiga kelele wamrudishe. Mama hakulia. Alinyamaza tu, kutoka pale mpaka nyumbani, na jioni akakataa chai.

Tangu siku hiyo hataji ziwa. Mimi ndiye ninalitaja.

Nina gari la kuazima, Premio ya shemeji, na kijana wangu wa miaka 15 wa kusukuma. Pesa si nyingi. Je, kuna mahali kati ya Kampala na Entebbe, au hata mbali kidogo, ambapo mtu kama mama anaweza kufika majini bila kubebwa? Hata mashambani, mahali pa kupunga hewa tu, nitashukuru. Naomba mnijibu mahali mlipofika wenyewe, si mlipopaona kwenye picha.

Juma_wa_Kisenyi

Dada, mpeleke kwenye maduka makubwa ya mjini. Kuna lifti, sakafu inateleza kama kioo, choo cha walemavu kipo na aiskrimu ipo. Ziwa atalikuta lilipo siku nyingine.

Wakili_Mtarajiwa

Pole sana dada. Hilo la ngazi si bahati mbaya tu, ni kosa. Katiba yetu ya 1995, kifungu cha 35, inawapa watu wenye ulemavu haki ya heshima ya utu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2020 inawataka wenye majengo yanayopokea umma waweke njia ya kufikika. Uganda imeridhia na mkataba wa Umoja wa Mataifa tangu 2008. Andika barua, weka nakala, peleka kwa afisa wa ulemavu wa wilaya. Usinyamaze.

TanboiMstaafu

Wakili, asante, andika hiyo barua na mimi nitatia sahihi. Ila sheria haisukumi kiti, na huyu binti anataka kumtoa mama sasa. Na wewe Juma, mtu kaomba ziwa unampa lifti.

Binti yangu, pole kwa kuuguza. Mimi nilianza utanboi, yaani utingo wa lori, 1984, nikakabidhiwa usukani 1991, Mombasa, Malaba, Kampala, na miaka ya mwisho mpaka Juba. Mwaka 2013 tukiwa kwenye foleni ya mpakani, lori la nyuma lilikatika breki likanibana mimi nikiwa nimeshuka kuangalia tairi. Mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti. Sasa naishi Njeru, nina kiti na nina magongo, na sikufichi, nimeiona nchi hii zaidi kwa mguu mmoja kuliko nilivyoiona kwa miwili. Dereva wa lori haoni nchi. Anaona lami na matako ya lori la mbele.

Kosa lako halikuwa bichi, lilikuwa simu. Mwenye miguu miwili ngazi haioni. Anaipanda kila siku huku akiongea. Ukimwuliza, "Kuna ngazi?" anajibu hamna, kwa moyo safi kabisa, na ukifika anakwambia, "Aa, hizi ni tatu tu." Mimi niliacha kuuliza ngazi zamani. Ninapiga simu na kuuliza hivi: kreti za soda zinaingiaje kwenu? Gari linazileta mpaka wapi, halafu zinasukumwa au zinabebwa begani? Akisema vijana huzibeba begani, namshukuru, nakata simu. Akisema gari linarudi kinyumenyume mpaka kauntani, hapo ndipo naanza kuuliza bei.

Kwa kifupi, usiulize njia ya wagonjwa, uliza njia ya mizigo. Njia ya wagonjwa hapa kwetu mara nyingi ni kibao tu kilichobandikwa ukutani. Njia ya mizigo ipo kweli, maana kuna mtu anapoteza pesa isipokuwepo.

Na ukiuliza hivyo, kwa ziwa jibu linakuja lenyewe. Bichi imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaotaka kukanyaga mchanga. Mwalo umetengenezwa na watu wenye mzigo. Sangara anatoka kwenye mtumbwi, anawekwa kwenye mkokoteni, anakwenda kwenye gari la barafu, na gari hilo ni zito, linataka ardhi ngumu. Tafuta pale linapoegesha. Ardhi imeshindiliwa kwa miaka mingi, pengine kwa saruji, na kutoka hapo mpaka kwenye maji ni hatua unazoweza kuhesabu. Harufu ipo, nzi wapo, lakini mtu aliyezaliwa Majanji si wewe wa kumwombea radhi kwa harufu ya samaki.

Upande wako huo kuna Kasenyi, kuna Nakiwogo, kuna Kigungu. Kigungu ina jambo la ziada, maana ndipo Padri Lourdel, yule wanayemwita Mapeera, na Bruda Amans, wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki, walipotua tarehe 17 Februari 1879, na mahujaji huja, wazee kwa vijana. Usiende tarehe hiyo wala Jumapili. Nenda siku ya kazi, saa nne asubuhi, mitumbwi ya usiku imekwisha kupakua na kelele zimepungua. Mtangulize kijana wako siku moja kabla kwa boda, apige picha, lakini mwambie asipige picha ya maji. Apige ya ardhi. Ziwa najua lilivyo.

Mashambani ni kanuni ile ile. Huku kwetu upande wa Kakira barabara za mashamba ya miwa huchongwa kwa greda kwa ajili ya trekta, ni tambarare na pana. Omba ruhusa kwanza, na usiende wanapokata miwa, matela yale hayasimami kwa ajili ya mtu. Jioni jua likiwa nyuma ya miwa unasikia majani yakisuguana kama wanawake wananong'ona msibani. Mimi hukaa pale nusu saa na flaski yangu. Mvua ikinyesha usijaribu, udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Kwa hiyo Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, tazama mawingu kabla ya kutazama ramani.

Ukitaka miti na ziwa pamoja, bustani ya mimea ya Entebbe, ile ya 1898. Gari linaruhusiwa kuingia kwa malipo, na hilo ndilo linaloiokoa. Bustani inateremka kuelekea ziwani, taratibu, mtu wa miguu hatambui. Kila mteremko wa kwenda ni mlima wa kurudi, na mtoto wa miaka 15 huwa na nguvu za kwenda tu. Kwa hiyo msiegeshe juu mkashuka na kiti kwa furaha. Shukeni na gari mpaka chini, mzunguke na kiti hapo hapo. Angalia mizizi. Mbega wapo juu ya miti, wale weusi wenye manyoya meupe kama kanzu, na mama akiinua shingo kuwatazama mshikie kiti, ndipo mtu anapinduka.

Bustani ya wanyama pale pale Entebbe, iliyoanza 1952 kama kituo cha wanyama yatima, sehemu kubwa ya njia zake imesakafiwa, na kuna bulwe, lile korongo lenye mdomo kama kiatu cha askari. Nilimkazia macho akanikazia macho, robo saa nzima, na hakuna kati yetu aliyekuwa na haraka.

Wengine watakutuma huku kwetu Jinja kwenye chanzo cha Nile. Nakupenda kwa hiyo nakwambia ukweli, maporomoko ya Ripon yenyewe yalifunikwa na maji bwawa lilipokamilika 1954, na ng'ambo ya mjini njia ya kwenda kwenye boti inashuka katikati ya vibanda vya vinyago. Kushuka utacheka.

Sasa kuhusu hicho kiti. Vile vigurudumu vya mbele ndivyo adui. Kwenye nyasi vinazama, kwenye mchanga vinachimba, na mwenye kukaa anatupwa mbele. Kijana akanyage kile chuma cha nyuma, ainue mbele kidogo, kiti kiende kwa magurudumu makubwa mawili. Kukiwa na mchanga, geuza kiti, kivutwe kinyumenyume. Mteremko mkali, vilevile kinyumenyume, anayesukuma akiwa upande wa chini, kiti kisimkimbie. Na beba mbao mbili za upana wa shubiri moja na nusu, urefu wa mita mbili. Premio zinaingia ukilaza kiti cha mbele. Unazitandika, unapita, unazihamisha mbele, unapita. Tulikuwa tukitoa lori kwenye matope ya Nimule namna hiyo hiyo, tofauti ni uzito tu.

Siku ukiona hoteli imejivunia mteremko wake wa saruji, chukua futi kamba. Kiwango ni moja kwa kumi na mbili. Baraza ya sentimita 30 inataka mteremko wa mita 3.6. Nimeona baraza ya urefu huo ina mteremko wa mita moja na kibao cha kiti kimepakwa rangi ya buluu nzuri sana. Hiyo ni njia ya kurushia watu.

Pesa ikija, wapeleke mashua. Kwa miguu isiyotii, boti ndiyo matembezi. Kutoka Mweya kwenye mfereji wa Kazinga unakaa kwenye kiti chako na nchi ndiyo inayotembea: viboko, nyati waliolala kwenye tope, tembo wakija kunywa. Kutoka Paraa vilevile, boti inapanda Nile mpaka unapoyaona maporomoko ya Murchison, pale mto mzima unapojibana kwenye mwanya wa mita kama saba. Ulizeni kwanza mnavyoingia botini, na ulizeni kwa njia yangu: majenereta na masanduku ya vinywaji mnayapakiaje?

Mukiga_wa_Rushaga

Nimesoma na nimecheka hapo kwenye soda. Mzee Tanboi yuko sawa kwa nchi tambarare, lakini aje huku Kigezi atafute njia ya mizigo. Huku mzigo wote unakwenda kichwani.

Binti, mimi naona suala la kubebwa tofauti kidogo, na naomba usikasirike. Huku milimani tuna engozi, machela ya kusukwa, ya mianzi na miti. Tangu mababu, kijiji kina chama cha engozi. Kila nyumba inatoa mtu, na ukiugua usiku wanaume wanakuja, wanakubeba zamu kwa zamu mpaka hospitali, hata mlima wa saa tatu. Asiyekwenda kubeba wa wenzake anatozwa. Mimi mwenyewe nilizaliwa baada ya mama kushushwa mlima kwa engozi, na bibi yangu alipandishwa nayo mara ya mwisho kwenda kuzikwa. Hakuna anayeona aibu. Kubebwa kwa engozi maana yake una watu.

Siku hizi Bwindi watalii wasioweza kutembea hubebwa hivyo hivyo kwenda kuona gorila. Vijana wetu wanabeba kiti wakipokezana, ni kazi ya siku nzima na inalipwa kama kazi. Nimemwona mzee wa Kizungu wa miaka 80 na kitu, miguu imekufa, akitoka msituni analia na kucheka pamoja. Alikaa na familia ya gorila saa moja kama kila mtu.

Kwa mwananchi wa kawaida gharama ni kubwa, sikudanganyi. Lakini nilitaka kusema, tatizo la pale bichi huenda halikuwa kubebwa. Lilikuwa namna ya kubebwa.

Binti_Majanji

Mzee Tanboi, shikamoo. Nimemsomea mama maneno yako yote. Nilipofika kwenye matako ya lori alicheka mpaka akashika mbavu, nusu ya uso ilicheka zaidi ya nusu nyingine, na ni mara ya kwanza tangu Februari. Anauliza kama ulikuwa unakula kwenye hoteli za Malaba miaka hiyo, anasema madereva mlikuwa mnadai nyama zaidi na hamlipi zaidi.

Dada wa Rushaga, nimemsomea na lako. Akafikiri. Akasema, "Hao wa engozi humwuliza mgonjwa?" Sikuwa na jibu.

Mukiga_wa_Rushaga

Mwambie mama wanauliza. Kabla ya kunyanyua anayetangulia husema, "Tuko tayari, wewe je?" Hata kwa mahututi asiyejibu, wanauliza hivyo hivyo, kisha wanasubiri kidogo.

TanboiMstaafu

Hapo dada umenikamata na nakubali. Mimi pia nimebebwa, na kuna siku nimebebwa vizuri. Mzigo ndio unaonyanyuliwa bila kuulizwa. Ndiyo maana mkononi huwa na maneno tayari: "Subiri. Nitakwambia pa kushika." Unawaambia kwenye chuma cha chini, si kwenye mikono ya kiti. Ile mikono hung'oka, unabaki umekaa hewani na kijana kashika chuma anakushangaa.

Na mwambie mama kweli tulidai nyama. Supu ilikuwa na nundu moja na maji ya Mto Malaba.

Muuguzi_wa_Zamu

Naingia haraka, niko zamu ya usiku. Mambo manne ya mama wa kiharusi, maana hapo juu mmeongea barabara tupu.

Mkono ule uliolegea usivutwe kamwe. Misuli ya bega haiushiki tena, bega linateguka kwa urahisi na maumivu yake hukaa miezi. Mtu ashikwe kiunoni, kwa kanga iliyofungwa vizuri kama mkanda, si kwapani. Mkiwa kwenye kiti, uwekeni mkono juu ya mto mapajani, la sivyo utaning'inia na vidole vitaingia kwenye spoku bila yeye kuhisi. Miguu yote miwili iwe juu ya vikanyagio kabla kiti hakijasogea hata hatua moja.

Ngazi ikiwa lazima, iwe moja au mbili na kuna pa kushika: kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mguu mgonjwa. Sisi tunawafundisha wagonjwa hivi, mzima aende mbinguni kwanza, mgonjwa ashuke kwanza. Wanacheka lakini hawasahau.

La nne ni ziwa lenyewe. Kichocho kipo Ziwa Victoria, msijifanye hamkijui. Vijidudu hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani, yaani pale pale mgonjwa wa kiti anapoweza kufika. Vinapenya ngozi hata isiyo na kidonda. Kujifuta haraka kwa taulo kunasaidia lakini si kinga ya kutegemea. Ukitaka usalama kabisa, chota maji ya ziwa kwenye ndoo safi, yafunike, yalale siku mbili, vijidudu vitakuwa vimekufa, ndipo atie miguu. Akiingia ziwani moja kwa moja, mtaje jambo hilo kliniki, apimwe baadaye. Dawa ipo.

Juma_wa_Kisenyi

Siku mbili ndooni! Muuguzi, hiyo si ziwa tena, hiyo ni maji ya kuoshea vyombo.

Binti_Majanji

Nimerudi. Tulikwenda Alhamisi.

Jina la mwalo silitaji. Mkianza kwenda nyote wataweka geti na kiingilio. Ni mmoja kati ya ile aliyoitaja mzee.

Kijana alitangulia Jumatano kwa boda kama tulivyoagizwa, akarudi na picha 31 za ardhi. Shemeji alipoziona alidhani tunanunua kiwanja. Katika picha moja tuliona alama za matairi mapana ya lori zikiishia karibu kabisa na maji, pembeni ya banda la kupimia samaki. Tukasema ni hapo.

Tulifika saa nne na dakika kumi. Tuliegesha mahali lori lilipokuwa limeegesha. Mama alikataa kanga ya kiunoni mpaka nilipomfunga mbele ya kioo cha gari ajione ni kama mkanda wa kawaida. Saruji ilifika mpaka kwenye mtumbwi wa kwanza, na ikabaki kama mita sita za mchanga mweusi uliochanganyika na magamba ya samaki. Kijana akageuza kiti. Nikatandika mbao.

Hapo wavuvi wakaanza kusogea, na mimi moyo ukaanza kunidunda kama siku ile. Mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya sufu juani, akanyoosha mikono. Mama akainua mkono wake mzima. Akasema, pole pole lakini kwa sauti ya jikoni ile ya watoto mia nne, "Subiri. Nitakwambia pa kushika."

Yule bwana akasimama wima. Akasema, "Sawa mama." Mama akamwonyesha chuma cha chini. Wakashika wawili mbele, kijana nyuma, na hawakumnyanyua zaidi ya kimo cha kiganja, juu ya mbao, mara tatu za kuhamisha. Magurudumu ya mbele yakagota kwenye ubao wa mwisho, maji yakiwa yanakuja na kurudi chini yake.

Muuguzi, usinigombeze, ndoo niliiandaa. Ilikuwa imelala tangu Jumanne, nimeifunika na sinia, nimeibeba kwenye buti kwa uangalifu kama yai. Nikamwekea miguuni. Akaitazama. Akanitazama mimi. "Haya ni maji yako," akasema. "Mimi nimekuja kwa yangu." Akainama upande mzima, kijana kamshika bega la kulia, akachota kwa kiganja mara moja akajipaka usoni. Nikamfuta haraka na taulo, na nimeshaiandika tarehe kwa ajili ya kliniki. Miguu aliitia ndooni kwa kunihurumia.

Tulikaa pale kama dakika arobaini. Mukene, yaani dagaa, ulikuwa umeanikwa juu ya nyavu, akawa anawaambia wanawake waliokuwa wakiugeuza kwamba wanaugeuza vibaya. Wakamwuliza yeye ni nani. Akawaambia baba yake ni nani, na mwanamke mmoja mzee akasema hilo jina analisikia kutoka upande wa Busia. Sijui kama ni kweli au ni adabu.

Wakati wa kuondoka akauliza bei ya ngege, yaani sato, wale wawili wakubwa waliokuwa kwenye beseni. Mwenye samaki akasema 30,000. Mama akasema 15. Yule akacheka, akasema labda 28. Mama akafumba macho kama amechoka sana, kichwa kikaegemea upande, mdomo ukalegea, mimi nikashtuka nikapiga magoti nimwite. Yule bwana naye akaogopa, akasema, "Chukueni, chukueni kwa 18."

Mama akafumbua jicho moja. Akaniambia kwa Kisamia nitoe 18, na niangalie matamvua kama bado mekundu kwa ndani.

Mzee Tanboi, mmoja tumemkaanga, mmoja yuko kwenye friza. Mama anasema ukipita Kajjansi huyo wa pili ni wako, lakini nyama ya ziada hakuna.